Kilio cha Jumamosi

Kikambala, 7 Januari 2024

Shikamoo Mama,

Natumai u mzima na mguu umepoa. Huku mimi na shangazi Easter tu wazima.

Mama, jana kulitokea kioja. Meneja wa hoteli aliitaka bendi yetu iimbe kitu cha kwetu. Sikuwa na kingine kichwani, nikaanza ule wimbo uliomtungia baba kwenye hanga, tulipokuwa tukimlilia. Shangazi alikuwa jikoni anaosha masufuria. Kusikia jina la kaka yake, akajua tumepatwa na msiba mwingine. Alitoka mbio, mikono kichwani, akajitupa mchangani analia. Mpiga ngoma akakosa mdundo, bendi ikavurugika. Wageni wakadhani ndiyo mchezo wenyewe, wakapiga makofi. Sasa meneja anautaka kila Jumamosi, na kilio juu. Nipe baraka zako.

Mwanao,
Sidi

Ganze, 15 Januari 2024

Mwanangu Sidi,

Marahaba. Mguu ni ule ule, na maji bado tunayafuata mbali. Charo wa Easter, niliyemlea mimi, anatuchimbia kisima. Anamsalimu mamake.

Baraka sina. Wimbo ule niliutunga maiti ya babako ikiwa ndani, na wajua fika hauimbwi mpaka nyumba yetu ipatwe na msiba tena. Easter hakukosea kulia. Wewe ndiye uliyekosea kuimba, kisha ukakubali kupigiwa makofi. Hukuona haya? Imba vingine, huu uache.

Mamako

Kikambala, 3 Machi 2024

Shikamoo Mama,

Habari za siku nyingi? Mguu je? Barua yako niliisoma nikaiweka kwa hasira. Hauimbwi, hauimbwi, kwani baba huko aliko anasikia? Shangazi ameondolewa jikoni, kazi yake sasa ni kulia tu, na amezoea. Hukaa nyuma ya spika, nikitaja jina la baba ndipo anatoka. Juzi alitoka mapema, wageni wakatucheka, nikamkaripia. Ni mambo ya kazi, hana kinyongo.

Mwanao,
Sidi

Ganze, 19 Machi 2024

Sidi,

Salamu nitazileta siku nyingine. Kisima kimemwangukia Charo. Wamemtoa hai lakini kifua kimepondeka, yuko hospitali Kilifi, anamwita mamake. Wewe simu yangu huishiki. Nimempigia Easter, anasema mpaka umruhusu wewe, kwa kuwa Jumamosi bila yeye meneja atakasirika. Tangu lini mtu akaomba ruhusa kwa mtoto wa kaka yake? Mwache aje leo hii.

Mama

Kikambala, 24 Machi 2024

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nilimwambia amalize Jumamosi kwanza, kisha aende. Jana sijafika hata kwenye jina la baba, nikamwona anatoka, simu mkononi. Nikajua amekosea tena. Akaanguka miguuni pangu, akanishika leso, anapiga kelele. Nami nikapandisha sauti nimfunike. Nikamkanyaga vidole makusudi ili aniachie. Wageni wakasimama wote, wakashangilia, wengine wakampiga picha. Wimbo ulipoisha ndipo nikasikia anachosema. Charo amekufa.

Amekataa kupanda gari moja nami. Nakuja mazikoni. Niruhusu nimwimbie Charo, Mama, safari hii wimbo ni haki yake.

Sidi wako

Ganze, 2 Aprili 2024

Sidi,

Charo tumemzika. Nilikuona umesimama kule njiani, sikutaka kukuita.

Kaburini wanawake walinitazama, nikauanza ule wimbo. Easter akainuka, akaniziba mdomo kwa kiganja. Akasema, "Wifi, nyamaza. Mwanangu hazikwi na wimbo wa hoteli."

Hatukuwa na mwingine. Tulirudisha mchanga kimya, majembe tu ndiyo yaliyosikika.

Usiniandikie.

Kadii