Harufu Asiyoisikia Baba

Jumatatu, 4 Machi

Ule mlio wa stata haujanitoka kichwani. Kama mtu anayekohoa, hakuna kinachotoka. Baba alizungusha ufunguo mpaka betri ikachoka, majirani wakaja kusukuma. Mmoja akamwambia: Kapteni, chombo hiki kipeleke makumbusho. Baba akacheka. Watoto wa dada kiti cha nyuma, pua zao ndani ya kola za sare. Petroli inanuka mpaka ndani ya gari. Shuleni wamechelewa tena.

Jumanne, 5 Machi

Nimelipeleka gari kwa fundi mimi mwenyewe. Amesafisha kabureta, amebadilisha mpira wa mafuta uliokuwa umepasuka. Mchawi nimemkamata, akasema. Likawaka mara moja! Nimerudi vioo vimefungwa makusudi, nanusa kama paka. Hakuna kitu. Nimelala mchana, jambo nisilolifanya kamwe.

Alhamisi, 7 Machi

Imerudi. Yote — kuwaka kwa taabu, harufu, moshi mweusi.

Nikamwambia Baba macho yananiwasha. Harufu gani, akauliza, nyie mna pua za mbwa. Akavuta hewa kwa dhati, kifua kikajaa, kisha akaniangalia kwa huruma. Mimi ndiye mgonjwa.

Nimekumbuka maharage yaliyoungua juzi. Alikuwa amekaa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, anasikiliza redio.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi ametoa plagi. Nyeusi, zimelowa. Akauliza nani analiendesha. Baba, nikasema. Akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Dada'ngu, akasema, gari ni zima. Choki, kile kitufe cha kuongeza petroli, unaivuta injini ikiwa baridi, ikishachangamka unairudisha. Hii hairudishwi. Injini inakunywa mafuta mpaka inapaliwa. Ukiizima, kesho haitaki.

Halafu, kwa sauti ya chini: ila mzee hawezi kukosea hilo. Kanifundisha yeye.

Nami nilisema hawezi. Tukakubaliana hivyo, tukiwa tumesimama mbele ya zile plagi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeomba anipeleke sokoni. Akavuta choki, gari likawaka. Nikangoja airudishe. Tumefika sokoni. Tumerudi. Anasimulia basi la wafanyakazi wa kiwanda alilokuwa akiliendesha, jinsi abiria walivyosinzia kwa kumwamini. Miaka yote ile hakukwaruza hata mlango. Mimi macho kwenye kile kitufe, kimetoka nje kama ulimi.

Nyumbani nikamwonyesha. Akakitazama. Nani kavuta hii?

Hakuwa anatania. Laiti angekuwa anadanganya.

Nimempigia dada. Unakuza mambo, akasema, wewe na vitabu vyako. Mzee kazeeka tu. Mimi naingia zamu alfajiri, watoto atawapeleka nani?

 Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Jumatatu, 11 Machi

Watoto wamechelewa, ila leo gari liliwaka. Mkubwa kanieleza huku anacheka: babu aliipita shule. Wakafika kiwandani. Akasimama mbele ya geti, akapiga honi wamfungulie.

Kiwanda kilifungwa kabla huyu mtoto hajazaliwa. Geti lina kutu, nyasi zimefika kiunoni.

Mlifanya nini, nikamuuliza. Tulingoja, akasema. Babu alisema mlinzi kasinzia.

Jumanne, 12 Machi

Nilifikiria kuuficha ufunguo. Lakini kumnyang'anya Kapteni ufunguo ni kumvua nguo mbele ya mtaa mzima. Na angeniuliza kwa nini. Ningemjibu nini?

Afadhali gari liugue.

Asubuhi, akiwa bafuni, nilifungua boneti nikatoa rota — kile kijipande cha plastiki kinachogawa moto kwa plagi. Bila hicho haliwaki, hata lisukumwe mpaka mjini. Kimo mfukoni mwa sketi yangu. Watoto nimewapeleka kwa miguu. Kazini nimesema naumwa, na sidhani nimedanganya.

Nimerudi nimemkuta uani, mikono ya shati imekunjwa, boneti wazi. Amekagua betri. Amevuta nyaya. Amefungua kabureta, akaifunga, akaifungua tena. Ana raha, anapiga mluzi. Nimechungulia dirishani, nimekaa kuandika, nimechungulia tena. Kile kifuniko kidogo ambamo rota hukaa, hajakigusa. Enzi zake angeanzia hapo.

Mara tatu sasa nimemwomba Mungu amwongoze Baba akifungue. Anikamate.

Ananiita nimshikie tochi.