Matembezi ya Kwenda kwa Balbir

Jumatatu, 12 Novemba 2007

Leo nimefika kwa Balbir bila kusimama njiani. Mimi! Ambaye mwezi wa nane nilikuwa nashikwa mkono kwenda choo.

Si mbali. Unatoka hapa landhi, kwenye nyumba za reli, unapita kanisa, unapita vibanda vya mboga, unakata kona, garaji ya Balbir hiyo hapo. Mtu mzima anafika na kurudi kabla chai haijapoa. Mimi nilifika nimelowa jasho kama niliyekimbizwa na mbwa. Balbir akanitolea kile kiti cha lori alichong'oa, huwa ananiwekea getini. Akasema, "Kaa, Mama Jerry. Hii gari imefunguliwa engine juzi juzi, usikanyage mafuta sana." Mjinga huyu. Nilicheka mpaka mshono ukauma.

Nyaguthii ndiye ananitembeza. Jirani yangu, mlango wa pili. Anauza mboga hapo njiani, lakini kila asubuhi anaacha kibanda na kunifuata mlangoni: "Toka, mgonjwa, twende." Daktari wa Nairobi aliniwekea vali ya chuma akasema nitembee kila siku, nimeze dawa ya kupunguza damu bila kukosa, nisianguke, nisijikate. Kwa hayo yote mume wangu Dalmas alishika hilo la mwisho tu. Ameficha visu. Sasa sukuma wiki nikate na meno?

Jumapili, 18 Novemba

Aibu ya leo, wacha tu.

Hii vali inalia. Tik, tik, tik. Kukiwa na kelele huisikii. Lakini leo kanisani tumeinamisha vichwa, maombi ya kimya, na mimi hapo kama saa ya ukutani. Mzee wa kanisa akaninyatia, akanong'ona nizime saa yangu. Nikamwonyesha mkono mtupu. Akaomba kuona na ule mwingine!

Dalmas hakungoja. Akavua saa yake, ile ya kutia ufunguo aliyopewa na reli akistaafu, akaifungia ndani ya kitambaa na kuitia mfukoni. "Pole mzee, ni yangu." Bahati nzuri kwaya ikaanza kuimba.

Nyumbani nikamuuliza, umedanganya kanisani kwa sababu gani? Akasema si lazima kila mtu ajue kilicho kifuani mwa mke wake. Kisha akasema usiku akiamka kitu cha kwanza ni kuisikiliza. Hiyo hakuwahi kuniambia. Nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatano, 5 Desemba

Sindano ya cherehani imenidunga kidole. Kitu kidogo, zamani ningeramba nikaendelea na kazi. Damu imetoka tangu saa nne mpaka mchana. Imelowesha vitambaa, imelowesha kola ya shati la mtu. Dalmas amekaa ananibana kidole.

Ndipo nimemwelewa yule daktari. Kama sindano ni hivi.

Huko nje magari ya kampeni, vipaza sauti mchana kutwa. Mimi na Nyaguthii tuliapa hatuzungumzi siasa. Tunazungumza bei ya viazi na wakwe.

Alhamisi, 27 Desemba

Tumepiga kura. Laini ilikuwa ndefu ajabu. Nyaguthii akapaza sauti, "Huyu mama ana chuma kwa moyo, mpisheni!" Wakanipisha. Tukarudi tumeshikana mikono, vidole vyetu vina wino. Kila mmoja anajua mwenzake amechagua nani, na hakuna aliyetaja.

Jumapili, 30 Desemba

Wametangaza mshindi wa urais. Upande mmoja wa landhi, watu wa kabila la Nyaguthii, wamepiga vigelegele. Upande wetu kimya. Halafu upande wetu ukaanza kupiga mawe paa za watu. Nimeona vijana tunaosali nao.

Moshi upande wa Molo. Mwingi.

Alhamisi, 3 Januari 2008

Sijatembea tangu Jumamosi. Miguu imevimba.

Dalmas anataka twende Siaya, nyumbani kwa mababu zake. Nimemwambia, nani atanipima damu kule? Dawa ikizidi natoka damu, ikipungua damu inaganda kwenye chuma na huo ndio mwisho. Lazima nipimwe, na kipimo kiko hapa mjini. Isitoshe barabara haipitiki. Malori yamerudishwa pale Salgaa, kuna mawe na magogo njiani. Jerry amepiga simu kutoka Mombasa analia. Mtoto mzima! Nimemwambia tuko salama.

Jumatatu, 14 Januari

Leo tumetembea tena. Mji umetulia kidogo, duka la dawa limefungua, nimepata za mwezi.

Lakini Nyaguthii hakutembea kando yangu. Alitangulia mbele kidogo. Pale kwenye vibanda walikuwa wamesimama vijana wengi, wageni, na wengine nawajua, nimewashonea sare za shule. Hawakunisalimia. Mmoja akamuuliza Nyaguthii kitu kwa lugha yao, naye akajibu neno moja.

"Wamesema nini?"

Tulipofika kona ndipo akajibu. "Wanauliza wewe huenda wapi kila asubuhi."

Nikasema ungewaambia daktari ndiye ameniagiza. Hakucheka. Yule mwanamke ambaye hucheka hata matangani!

Jumanne, 22 Januari

Nyaguthii hakunifuata. Nimeenda kugonga kwake, akafungua mlango nusu. Eti mguu unamuuma. Nimeuona huo mguu, hauna kitu.

Nikaenda peke yangu. Sikuogopa kwenda, niliogopa kurudi, maana kurudi unawaona wale vijana wote wakikuangalia. Nyaguthii alikuwa kibandani, kumbe. Amesimama vizuri tu na mguu wake. Akanifungia sukuma ambazo sikuomba. Akawa anapanga nyanya, macho chini, akasema, "Mama Jerry, kesho kutwa usitembee. Ama utembee, usirudi."

Nilitaka kumuuliza. Akaanza kuhudumia mtu mwingine.

Jumatano, 23 Januari

Tumegombana na Dalmas asubuhi yote. Eti amezaliwa hapa landhi, baba yake alikuwa mtia makaa wa treni, hatoki kwa maneno ya muuza nyanya. Nikamwambia huyo muuza nyanya aliniosha mgongo wiki tatu wewe ukiogopa kuugusa mshono.

Balbir ametuma neno: store yake ya nyuma ina mlango wa chuma, twende hata sasa hivi. Dalmas anasema tutaona.

Ningembeba mgongoni, lakini nimekatazwa kubeba kitu kizito na kichwa chake ni kizito.

Alhamisi, 24 Januari

Mchana kutwa filimbi na mayowe, mbali. Dalmas amesukuma kabati mlangoni. Kanga yangu nimeitia kwenye ndoo ya maji, wanasema inasaidia na moshi. Sijatembea. Nimezunguka meza mpaka Dalmas akaniomba niketi.

Ijumaa, 25 Januari

Naandika nikiwa kwa Balbir, ndani ya store. Daftari hili huwa ndani ya mkoba wa dawa, na mkoba ndio kitu pekee nilichotoka nacho.

Asubuhi wale vijana walianza kuchoma nyumba za kule mwisho. Tuliona moto unakuja kwa zamu, mlango kwa mlango. Dalmas mwenyewe akavuta kabati. Tukapita nyuma ya kanisa. Sikusimama hata mara moja! Dalmas ndiye aliyekuwa anahema, mimi namvuta. Mlango wa Nyaguthii ulikuwa umefungwa. Sijui alikuwa ndani.

Humu tuko watu wengi, tumekaa juu ya matairi. Karibu yangu ni Eucabeth wa kanisani na mtoto wake mchanga, na Odero, fundi wa kuchomelea hapa hapa garaji. Ana panga. Balbir ametufungia kwa nje, akawasha engine ya lori moja hapo uani na kuiacha inanguruma. Kabla ya kufunga aliniangalia kifuani, akasema, "Hii ni yako, Mama Jerry. Ikinguruma hii, yako haisikiki." Kisha akaenda kukaa getini kwenye kiti changu.

Wamekuja. Nasikia wanapiga geti. Balbir anasema humu kuna vyuma tu, vijana, ingieni muone vyuma. Wanaongea na yeye kwa upole, na upole huo ndio mbaya.

Mmoja amesema, "Singh, zima hiyo engine tusikie."

Balbir amesema ikizimwa haiwaki tena.

"Zima."

Imezimwa.

Daktari alisema hofu ikija niketi, nifanye kitu kidogo kwa mikono, moyo utarudi chini. Naandika. Haurudi. Unaenda mbio, na ukienda mbio unalia zaidi. Nasikia viatu kwenye kokoto, wanazunguka ukuta. Eucabeth amemtia mtoto titi mdomoni.

Odero amegeuka. Ananong'ona, "Nani ana saa? Izimeni hiyo saa."

Dalmas amevua yake. Amempa Odero, kama siku ile kanisani, na Odero ameifunga kwa matambara na kuizamisha kwenye mtungi wa oili chafu mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko.

Viatu vimesimama nyuma ya mlango.

Tunasikiliza, wao nje na sisi ndani. Dalmas ameniwekea koti lake kifuani, na juu ya koti viganja vyake viwili, anakandamiza mpaka mshono unauma. Saa imezama, lakini tik, tik bado inasikika. Odero ametoa mkono kwenye oili. Anaangalia mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, anatafuta saa nyingine. Sasa amefika kwangu