Njia ya Kwenda Bandari ya Chumvi

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimesafiri na Kaka. Kwenye gemu, maana huku nje mwaka wa tatu huu hatujaonana. Ngome Kuu hadi Bandari ya Chumvi, njia nzima, yeye juu ya nyumbu wake mzee, mimi na punda wangu. Wachezaji wengine wanalalamika miaka yote: njia ndefu mno, unashika kitufe kimoja na kutazama nyasi. Ndiyo. Utamu wenyewe ndio huo.

Kaka kwenye simu ni bubu. Hamjambo, haya, msalimie Mama — imekatika. Lakini mvalishe hedifoni, mpandishe nyumbu, mpe nyika tupu mbele yake, uone. Ni njiani humo aliponiambia kwamba anamwogopa binti yake tangu awe mrefu kumpita. Njiani humo aliniambia yeye na wifi waliwahi kugawana vyombo, wakavirudisha kabatini kabla watoto hawajatoka shule.

Leo tulipokaribia Daraja la Wazee akapunguza mwendo. Akasema, Kitindamimba, kuna jambo. Nikamwambia sema. Akasema tukishavuka.

Hatukuvuka. Tangazo jekundu likatanda kioo kizima: seva zinafungwa kupisha nyongeza mpya ya gemu. Kaka akacheka, akasema basi, siku nyingine. Tukamwagwa nje kama maji ya kuoshea vyombo.

Nyongeza yenyewe inaitwa Malango ya Nuru. Jina tu linanitia kinyaa.

Jumanne, 7 Machi

Kazini, karakana ya meno ya bandia. Mataya manne ya plasta yananisubiri, wenyewe wanataka meno yao kabla ya Ijumaa. Karani wa mapokezi — sisi humwita Bibi Mapokezi — kaingia karakana, kakalia benchi langu palepale penye nta. Naye anacheza. Macho yanang'aa kama kapata mchumba. Shoga, umeona malango? Unaingia Ngome, unatokea Bandari, kufumba na kufumbua! Huku anaongea kachukua taya la juu la mzee wa watu, analigongagonga mezani. Nikamnyang'anya. Akasema watu wazima tuna kazi, nani ana muda wa kutazama mkia wa punda jioni nzima?

Jioni nikawasha. Heri nisingewasha.

Lango la zambarau katikati ya uwanja wa Ngome, linawaka kama tangazo la saluni. Sauti ya mwanamke: karibu, msafiri. Msafiri gani? Watu wanaingia na kutoka kama nzi jalalani. Wamepanda simba wenye mbawa za waridi. Jitu limekalia kochi linaloruka — kochi, na mito yake. Nimepanda punda wangu, nimetoka hadi Darajani peke yangu. Hakuna mtu. Muuza maji wa pale, yule wa kompyuta, bado anatangaza maji baridi kwa njia tupu. Nikanunua mawili nisiyoyahitaji.

Kaka akaingia. Njoo, njoo, lango la kushoto! Nikaenda. Pango, joka, sanduku, lango. Pango, joka, sanduku, lango. Nikamuuliza lile jambo je? Akasema baadaye — akabonyeza. Hayupo.

Jumatano, 8 Machi

Pango, joka, sanduku, lango. Nimezima mapema. Nahisi nimekula peremende hadi ulimi umechubuka.

Jumapili, 12 Machi

Mama kataka kumsikia mwanawe. Simu hapokei, basi nikachomoa hedifoni, sauti ikatoka kwenye spika. Mama kakaa nyuma yangu, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Imevimba tena, viatu havipandi.

Akauliza, huyo ndiye? Nikamwonyesha: yule juu ya mnyama mwenye mbawa. Nyumbu kamuuza. Mama akainama mbele kutazama. Akasema, mbona mbawa amepata na hapa hawezi kufika?

Sikumwambia Kaka kwamba Mama yupo. Nilitaka aongee. Nikamwomba tutembee hadi Bandari kama zamani, kwa miguu hata, nyumbu si hayupo. Akasema, kutembea? Wewe mzee kuliko mimi. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha. Kirefu, chenye maji ndani yake. Halafu kimya — kajizimia sauti. Mnyama wake kabaki hewani anapiga mbawa kama feni.

Mama akakausha miguu, kidole kimoja kimoja, akaenda chumbani.

Alhamisi, 16 Machi

Naandika kabla sijazima kompyuta.

Tulikuwa kwenye pango jipya, joka lingine, baya kuliko yote. Limewekwa kope. Joka lina kope. Kaka anatoa amri: piga kushoto, rudi, piga. Na nyuma yake nikasikia mwanamke. Si wifi. Sauti ya upole iliyochoka. Akasema, baba, nipe mkono huu mwingine, mshipa wa huku umegoma. Kisha magurudumu ya kitoroli. Kisha mtu mwingine, mbali kidogo, anaomba maji.

Alisahau kuzima sauti.

Akasema piga kushoto. Nikapiga. Hilo ndilo linalonichefua kuliko joka na kope zake: nilipiga.

Joka lilipoanguka nikamuuliza, uko wapi? Akasema Lango la Tatu. Nikasema nakuuliza huko nje, Kaka, uko wapi? Nikamwona kasimama. Nikadhani atasema. Kisha akageuka, akaingia kwenye nuru, akapotea. Jina lake likawa la kijivu: katoka kwenye gemu.

Zamani ungemuuliza mtu swali katikati ya nyika, angekimbilia wapi? Mbele nyasi, nyuma nyasi. Angetapatapa, angezungumzia hali ya hewa, mwishowe angejibu. Leo wamemwekea mlango kila kona. Wanaita maendeleo. Ningewapata hao waliobuni, ningewatia plasta mdomoni na kuiacha igande.

Ijumaa, 17 Machi

Nimempigia wifi. Akalia kabla hatujamaliza salamu.

Hospitali. Alilazwa tangu kabla ya nyongeza. Kumbe siku ile ya Daraja alikuwa tayari kitandani, kompyuta juu ya mapaja, na mimi namsifia mwendo wa nyumbu. Nikauliza anaumwa nini. Wifi akasema, ameniapisha, dada. Alisema wewe atakueleza mwenyewe, mkiwa njiani. Kila siku namuuliza umeshamwambia? Ananiambia kesho. Na Mama asijue, tafadhali, Mama asijue kabisa.

Kazini nimeharibu taya. Plasta ilishika nikiwa nimeishikilia tu, naitazama. Bibi Mapokezi kaniona. Sikutaka kumwambia, nikamwambia. Nikangoja upuuzi wake. Akasema, si uende?

Nikasema ni mbali, mchana wote na usiku wote na nusu ya siku nyingine.

Akasema, si uende.

Akaenda mwenyewe kuwapigia wenye meno, akawaambia fundi ana msiba. Nikamkaripia, msiba gani, hakuna aliyekufa. Akasema basi nitawaambia fundi ana safari. Hii mara ya kwanza kumsikia akilitamka neno hilo bila kulidharau.

Jumapili, 19 Machi

Nimepanga begi. Mashati mawili, taulo, chaja. Nimemwambia Mama natumwa kikazi. Akasema haya.

Nilipotoka chumbani nikamkuta sebuleni, mkoba mapajani, amevaa viatu. Visigino vimebaki nje, kamba hazifungi. Nikasema, Mama, miguu yako. Akasema, miguu ni yangu na mtoto ni wangu. Nikasema mtoto gani? Akanitazama mpaka nikaona haya.

Akasema, kikohozi kile nimekilea mimi. Usinifanye mjinga.

Hakuuliza zaidi. Nami sikumwongezea. Kwa kweli sina cha kumwongezea.

Jumatatu, 20 Machi

Basi limekufa. Mchana kweupe, njia imenyooka pande zote mbili, hakuna kivuli. Dereva anasema ni mkanda, utingo anasema ni rejeta, fundi kaitwa kutoka mji ambao hakuna aliyeuona tulipoupita. Naandika kitini, daftari juu ya goti.

Kila kitu kinanuka. Jamaa wa mbele kavua soksi na kuzining'iniza dirishani kama bendera. Mtoto katapika, mama yake kafunika na gazeti, gazeti limelowa. Kiti changu kina kitu kinachonata, sitaki kujua. Choo cha kituo cha mwisho sitakieleza hata humu. Mama kakaa upande wa dirisha, wima, kama yuko ofisini kwa mkubwa. Tangu jana hajalalamika hata mara moja. Miguu imekuwa kama mito. Nilimwambia aipandishe mapajani kwangu, kakataa. Sasa hivi ameipandisha mwenyewe.

Simu imelia. Namba ya wifi, lakini si wifi.

Kaka. Kwa simu, yeye. Akasema, mbona siku tatu hujaingia? Nimezunguka malango yote. Sauti imekuwa nyembamba, kama inapita kwenye mrija.

Nikasema sipo kwenye kompyuta.

Akasema nasikia upepo. Uko wapi?

Nikasema niko njiani, Kaka. Basi limeharibika. Tumekaa tu hapa.

Nikangoja akate. Hakukata. Namsikia anapumua, anavuta, anapumzika, anavuta.

Akasema, kuna muda basi.

Nikasema upo.

Akasema, lakini uniahidi. Nikikueleza, Mama usimwambie. Yeye abaki alivyo. Umesikia? Ahidi kwanza, ndipo nianze.

Simu yangu ni mbovu, sauti yake humwagika nje hata usipoiweka kwenye spika. Jamaa wa soksi amegeuka. Sijajibu. Naandika kwa mkono wa kulia, simu nimeishika kwa wa kushoto, na Kaka anasema halo, halo, upo?

Mama ameshusha miguu sakafuni. Amefungua kiganja kuidai simu, amekiweka juu ya daftari hili, sina tena pa kuandi