Kipande cha Zaina

Jumatatu, 1 Julai 1974
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Uji umeungua tena. Afisa utamaduni ameniita: tuwe watatu, tuitazame filamu iliyopigwa huku mwaka jana, tuandike kama watu wote wa wilaya wameonyeshwa kwa haki. Bila sahihi zetu haitaonyeshwa. Sikumwambia kwamba mke wangu yumo. Zaina ana miezi minane kaburini. Sina hata picha yake moja.

Alhamisi, 4 Julai
Tumeitazama mchana, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya bweni. Zaina ametokea. Anatwanga, kanga kifuani, anainua uso. Haifiki dakika. Nilishika kiti.

Mchezaji wa filamu, wa mjini, anamwambia kwamba Wazigua wa Mkange hawaijui sabuni. Siku ile nilikuwepo. Zaina alimjibu, "Ninayo, baba, ila kwa uso huo wako haitoshi." Watu walicheka mpaka kamera ikasimamishwa. Kwenye filamu hajibu.

Bi Nuru, mkunga, mjumbe mwenzangu, alininong'oneza: "Mwalimu, hawa wa shamba wote wamekatwa ndimi?"

Ijumaa, 5 Julai
Ndani ya filamu wenye majina wote ni wa mjini. Wa vijijini, wa Mkange na Fukayosi, hawana. Wanabeba mizigo, wanachekwa, mmoja anaiba kuku. Mkristo yumo mmoja, mlevi. Hadithi yenyewe nzuri. Nataka kuandika "haina kasoro". Nikiandika hivyo nitamwona tena. Naona aibu.

Jumapili, 7 Julai
Bwana Mihayo, mwenye filamu, amekuja nyumbani. Amepiga filamu hii kwa nguvu zake mwenyewe, amekonda. "Mwalimu, ule ni utani tu. Mimi Mnyamwezi, Wazigua watani zangu toka enzi za mababu."

Nilimwambia utani hurudishwa. Tulipomzika Zaina, mtani wake Mnyamwezi aliingia kaburini akalala, akasema hatoki, amechoka na safari. Dada yake Zaina alimtukana mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Nakumbuka udongo kwenye kofia ya yule mtani. Anayetaniwa akanyimwa kujibu, huyo anatukanwa.

Nikamwomba amrudishie Zaina jibu lake. Akasema haiwezekani. Utepe wa sauti ya siku ile walirekodi juu yake mambo mengine. Ama kipande kibaki kilivyo, ama kikatwe. Sauti za wengine anazo. Aliondoka, chai hakuimaliza.

Jumatatu, 8 Julai
Nimeandika. Wa shamba warudishiwe maneno yao, wapewe majina. Kipande cha mwanamke anayetwanga kikatwe. Bi Nuru alinitazama. Ndiye aliyemhudumia Zaina siku ya mwisho. "Una hakika, mwanangu?" Nikatia sahihi.

Jumapili, 25 Agosti
Filamu imeonyeshwa shuleni alasiri. Nilikaa nyuma na shemeji yangu, yule dada yake Zaina, aliyekuja kutoka Mkange. Mzee wa Fukayosi sasa ana jina na anajibu. Amepigiwa makofi.

Kisha kinu peke yake uani. Picha ikaruka kidogo, ikawa barabara. Hakuna aliyegeuka.

"Ni hapa alipokuwa?" shemeji aliuliza.

Nikasema ndiyo. Akasogeza kiti chake karibu. Tukaendelea kutazama.