Swichi Chini ya Kiti

Shoga, uko wapi? Usinipigie, nitalia.

Si unaijua ile mashine ya boti aliyotuachia baba, mimi na kaka? Leo imegoma kuwaka. Nimevuta kamba mpaka bega limekufa ganzi. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikavuta tena. Hakuna cheche! Nikaweka plagi mpya. Hakuna. Nikabadilisha koili kwa mikono yangu hii, abiria wananikodolea macho, mwishowe wakashuka mmoja mmoja.

Nampigia kaka, ananiambia, "Mashine kuukuu hiyo, achana nayo."

Achana nayo!

Mara mama akaja kuniletea maji. Akaniona uso wote grisi, akaguna. Akaingia botini, akapitisha mkono chini ya kiti cha nyuma, akabonyeza kitu. "Haya, vuta."

Nikavuta mara moja tu. Ikawaka.

Shoga, IKAWAKA.

Kumbe kaka kafunga swichi ya siri, ukiizima, mashine haipati moto kabisa. Nikampigia tena. Mbona hukuniambia? "Niliiweka kwa ajili ya wezi."

Wezi gani?

Wezi gani, kaka? Akakata simu.

Nikamgeukia mama. Na wewe ulijua? Akatazama pembeni. "Wote tunaijua, mwanangu. Kaka yako alisema wewe usiambiwe. Leo nimekuonea huruma tu."

Huruma, shoga. Kwenye boti ya baba yangu mimi mwenyewe.