Koti la Magesa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa kisiwani sote tu wazima, na mjomba wako ameanza kung'oa mihogo. Umeniuliza kama watu walioshtakiana kwa ajili ya kura wanaweza kusalimiana tena.

Ujanani niligombea udiwani, na jirani yetu Magesa akanishinda kwa kura nne. Nikafungua kesi Mwanza. Kila tulipoitwa mahakamani tulipanda meli ileile, mwendo wa saa tatu na zaidi, bila kusemezana. Safari ya kwanza nilitapika sana. Tangu hapo Magesa akawa anawahi, anaweka koti lake kwenye benchi la dirishani kunishikia nafasi, halafu anakwenda kukaa mbali. Nami nilitazama visiwa vikija na kupotea kwenye ukungu, mpaka nikasahau nimemshtaki nani.

Siku ya hukumu nilishindwa. Nilikawia mjini makusudi, nikapanda meli nikiwa wa mwisho. Abiria walikuwa wamesimama hadi mlangoni, lakini dirishani palikuwa wazi, na koti lilikuwa pale.

Ziwani kulikuwa na baridi, Neema. Nikalivaa.

Bibi yako