Watu Mashuhuri wa Kikwajuni

Baba yangu mpenzi,

Moyo unanidunda kama bado nina miaka kumi na tano, na hata sijaandika neno. Nimesali alasiri, nikajitilia kahawa, nikasema leo namwandikia Baba, nimwambie lile nililomficha maisha yake yote. Usinikunjie uso. Nakujua, utacheka.

Nianze na Mista Dani. Wewe huna haja ya kuambiwa yeye ni nani, lakini barua hii naiacha wazi ili na wengine waisome, na wao hawakuwepo. Hawajui kwamba miaka ile pesa za mafuta zilipoanza kumiminika, na Jidda nzima ikawa mashine na vumbi la saruji, wewe ulikuwa dereva wa injinia wa Kimarekani aliyekuja kuvuta nyaya za simu baina ya Jidda na Riyadh. Wiki mbili mko njiani, wiki moja uko nasi mtaani Bani Malik, kwenye vile vyumba vyetu viwili vya ghorofa ya tatu. Ukirudi, nguo zako zinanuka mchanga na mafuta ya gari, na mdomoni una hadithi za kaunti ya Mista Dani.

Kaunti yenyewe ilikuwa sehemu ya mashamba ya mahindi, huko katikati ya Marekani, na jina lake ulikuwa ukilitamka kama jina la samaki. Mahakama yao ilikuwa na ubao mkubwa ukutani, wenye picha za watu mashuhuri waliotoka kaunti hiyo. Mista Dani alikuwa na orodha yao, karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikaanza kutoboka. Njiani, kilomita baada ya kilomita, alikuwa akikusomea, na wewe ukajifunzia Kiingereza humo humo. Ukija nyumbani unatusomesha sisi. Kulikuwa na yule mwanamke aliyerusha ndege kabla hajajua kuendesha gari. Kulikuwa na jaji aliyezaliwa ndani ya zizi la ng'ombe. Kulikuwa na mpiga tarumbeta kipofu, na bwana aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi akapoteza vidole vitatu kwa kuijaribu. Tukawazoea kama jamaa zetu. Ukivua viatu mlangoni, mimi nakuuliza, "Jaji hajambo?" Nawe unajibu, "Hajambo, anakusalimu, kasema usome."

Siku moja ulitwambia kwamba Mista Dani, alipokuwa mtoto, akimngoja baba yake mahakamani, alikuwa akisimama chini ya ubao ule na kujipimia nafasi yake. "Mpaka leo anaitaka," ulisema. "Mtu mzima, ana mvi, na bado anaitaka." Ulisema kwa huruma, Baba, na mimi nikashangaa, kwa sababu wewe mwenyewe hatukupata kukusikia ukitaka chochote.

Wala hatukukusikia ukisema ulikotoka. Tulijua ni Unguja, na kwamba mwaka sitini na nne ulipanda chombo na Mama akiwa na mimi mgongoni. Basi. Mtaa gani, nyumba gani, nani ulimwacha, hukusema. Mama alitwonya: "Msimuulize baba yenu. Akitaka atasema." Hukutaka.

Kisha ikaja ile mvua.

Mlikuwa mmeipita Taif, mnakwenda Riyadh, na mvua ilinyesha juu milimani, nyinyi mlipo pakavu. Mlipofika kwenye bonde mkalikuta basi limesimama katikati, na maji mekundu yanalisukuma ubavuni. Basi la wafanyakazi, Wayemeni na Wasudani, wengine wameshapanda juu ya paa, wanapiga kelele. Haya nimeyasikia mara mbili, kutoka kwako na kutoka kwa Mista Dani, na hamkukubaliana hata kidogo.

Wewe ulisema hivi: "Mista Dani kawaokoa watu wale. Yeye ndiye aliyefikiri kuifunga kamba kwenye gari, yeye ndiye aliyelirudisha gari nyuma taratibu, na kamba ilipotaka kukatika kaishika kwa mikono mpaka ngozi ikamtoka. Mie n'likwenda kuifunga tu."

Ulikwenda kuifunga tu! Mista Dani alikuja nyumbani wiki ile ile, viganja vimefungwa bendeji, akakaa kwenye mkeka wetu, akatwambia kwa Kiingereza, mimi nikimfasiria Mama: "Baba yenu alijifunga kamba kiunoni akaingia majini kabla sijamaliza kusema. Maji yalimchukua, nikadhani kwisha. Akaibukia upande wa pili wa basi. Akafunga kamba, akarudi, akaingia tena. Mtu mmoja mmoja. Mimi sijui kuogelea. Nilisimama nikashika kamba, hilo ndilo nililofanya."

Akakugeukia. "Saidi, ulijifunza wapi kuogelea hivyo?"

"Nyumbani," ukasema. Ukainuka kwenda kutazama chai.

Siku ya tatu yake, Mista Dani yuko kazini, uliniita mezani. Mashine ile ya kupigia taipu aliyoniletea yeye, ya kampuni, iliyokuwa imekosa herufi moja, ulinifunulia kwa mikono yako.

"Mwanangu, keti. Andika kwa Kiingereza kizuri. Waambie wale watu wa ubao kwamba wana mtu wao huku, na kafanya kadha na kadha. Waambie shahidi yupo. Usimwambie mwenyewe."

Nikaandika. Ukasoma kwa kidole, neno baada ya neno, ukatia saini kwa hati zako za Kiarabu.

Sasa sikiliza, Baba. Barua ile sikuwahi kuipeleka posta siku ile, na kesho yake, wewe umeteremka kuosha gari, Mista Dani alipanda ngazi mbio mbio, anahema, ana karatasi mkononi.

"Nipigie taipu hii," akanambia, "hati yangu haisomeki. Na baba yako asijue."

Ilikuwa barua kwa watu wa ubao. Inakusifu wewe! Kila ulilosema yeye kafanya, yeye kaandika kuwa umefanya wewe. Niliziba mdomo kwa mtandio nisicheke. Mahali pamoja aliacha nafasi. "Hapo ujaze alikozaliwa," alisema. "Sharti lao wanaandika mahali pa kuzaliwa. Nimemuuliza mara nyingi, hanambii. Najua si mzaliwa wa kwetu, lakini tujaribu."

Ningeweza kuandika Unguja. Hilo nililijua. Lakini nilijua na sharti lenyewe, ulitwambia mwenyewe: haingii ubaoni ila mzaliwa wa kaunti. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na baba yangu alikuwa ametoa basi zima la watu majini, na ikama yake, hicho kibali cha kuishi, ilikuwa inalala mfukoni mwa kafili aliyemdhamini, na hakuna ukuta wowote duniani uliokuwa na jina lake. Basi nikaandika kwamba Saidi bin Khamisi amezaliwa katika kaunti ile. Nikaipiga taipu safi, bila kosa. Mista Dani alikuwa dirishani anakuchungulia usije ukapanda. Akatia saini bila ya kusoma. Nikazitia barua zote mbili kwenye bahasha moja, nikazituma.

Nimesema. Ndilo hilo.

Miezi ikapita. Siku bahasha ilipofika, mlikuwa nyote wawili nyumbani, Mama kapika biriani. Ilikuwa imeandikwa majina yenu pamoja. Mista Dani akaifungua, akatoa picha ya ubao, na juu ya ubao, mwishoni kabisa, kulikuwa na vipande viwili vya karatasi vipya. Jina lake na jina lako. Alikutazama, ukamtazama, kila mmoja amefumaniwa.

"Umewaandikia?" akauliza.

"Na weye je?" ukasema.

Mkacheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mista Dani alilia, Baba, alilia waziwazi, akifuta machozi kwa pindo la shati. Kisha ukaomba miwani. Ukaisogeza picha dirishani, ukasoma maandishi chini ya jina lako. Nilianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Mzaliwa wa wapi?" ukasema. "Mie? Mzaliwa wa kwenye mahindi?"

"Labda wamekosea," nikasema. Mungu anisamehe.

"Wamekosea sana!" Ulisimama. Sauti yako sikupata kuisikia namna ile. "Mie nimezaliwa Kikwajuni, Unguja! Mtu hafutiwi Kikwajuni yake kwa kipande cha karatasi. Leta mashine. Keti. Andika!"

Nikaketi, nikatia karatasi. Ukaanza kusema, na hukunyamaza. Biriani ikapoa. Ulisema wanataka watu mashuhuri, basi uwape watu mashuhuri. Andika, Bibi Rukia binti Makame, mama yangu, mshonaji wa kofia; kofia yake moja ilichukua miezi minne, na mtu akivuka nayo barabara watu wanajua ni mkono wa nani. Andika, Maalimu Haji, alikuwa na jicho moja na alisomesha watoto wa mtaa mzima, na hakuna aliyemaliza bila kujua kusoma. Andika, Bi Salama wa udi, aliyekuwa akisuluhisha ndoa barazani kwake. Andika, Juma fundi saa, akiisikiliza saa kwa sikio anakwambia ugonjwa wake. Andika, kaka yangu Suleimani, aliyenifundisha kupiga mbizi Forodhani kwa kunisukuma, na ambaye mwaka ule alitoka kununua mkate.

Hapo ulivua miwani. Mama aliweka mwiko chini, akaja akakaa karibu yako.

"Andika," ukasema polepole, "kwamba hakurudi. Na kwamba alikuwa akiogelea kuliko mie."

Nilikuwa nalia, nafasiri, napiga taipu, na ile herufi iliyokosekana nikawa naijazia kwa kalamu. Nilikuwa na furaha pia, Baba, sijui nikuelezeje. Nimeishi miaka kumi na tano sina bibi, sina ami, na katika mchana mmoja nimepata mtaa mzima. Mista Dani hakuelewa neno la Kiswahili, ila alikuwa akinitazama usoni, akitazama karatasi zinavyoongezeka. Zilifika nne. Mwisho ukasema: "Waambie waniondoe pale ubaoni. Sikuzaliwa kwao. Mista Dani abaki. Na waambie nawashukuru."

Ukatia saini. Safari hii uliandika jina lako kamili, na chini yake ukaandika Kikwajuni.

Kazi ikawapeleka Riyadh, mkakaa muda mrefu, na laini ikaunganishwa. Nakumbuka mchana ule Myemeni wa duka la chini alivyopiga kelele ngazini: "Bint Saidi! Simu! Riyadh!" Simu kutoka Riyadh! Niliruka ngazi mbili mbili. Duka lilijaa watu waliokuja kununua mchele, wakakaa kusikiliza. Nikaweka kile kitu sikioni, na sauti yako ikaja, karibu, kama uko nyuma ya pazia.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba!"

"Hii waya tumeivuta sisi!"

"Najua, Baba!"

"Sikiliza, imekuja barua hapa ofisini. Nakusomea, usinikatize." Ukasoma kile Kiingereza chako, pole pole. Katibu wa kamati yao aliandika kwamba sharti ni sharti, na jina lako wameliondoa ubaoni kama ulivyotaka. Lakini zile kurasa nne walizisoma kwa sauti katika mkutano, na kuna waliotaka zisomwe tena. Wakashauriana. Wakazitia kwenye fremu, zote nne, wakazitundika ukuta wa pili, unaoelekeana na ubao wao, na juu yake wakaandika: Watu Mashuhuri wa Kikwajuni.

Nikasikia ukikunja karatasi. 

"Baba?"

"Mama yangu yuko Marekani," ukasema. Kisha ukapiga kelele, nadhani Riyadh nzima ilikusikia: "Mama yangu yuko Marekani! Na Suleimani! Na Juma fundi saa, maskini, hata Dar hakufika! Mista Dani anacheza ngoma hapa mezani, wallahi, njoo umwone!"

Myemeni akanigusa bega. "Yalla, halas, watu wanangoja simu." Nikamwambia kwa Kiarabu, bibi yangu kafika Marekani. Akanitazama, akasema, "Basi endelea," akamzuia mteja kwa mkono.

Tangu siku ile hukunyamaza tena. Ulitusimulia mpaka tukawa tunakusahihisha. Ulipotutoka, wajukuu zako walikuwa wakijua nyumba za Kikwajuni kwa mpangilio, na nani alikaa wapi, ilhali hakuna hata mmoja aliyepata kuiona.

Ndiyo maana leo nimeona sina sababu ya kuogopa tena. Uongo ule ulikuwa wangu. Kamati haikukosea. Nilitaka uwe mtu wa mahali fulani, nikakuchagulia mahali, kumbe wewe ulikuwa napo pako, umepakalia kimya. Ungekaribia kunipiga, najua, kisha ungeuliza kwa nini Mista Dani hakusoma alichotia saini, kisha ungecheka mpaka ukakohoa. Nakusikia ukikohoa.

Nimefurahi kuisema, Baba. Mwili umekuwa mwepesi. Kahawa imeisha, magharibi inaadhiniwa, na wajukuu wanagombana ukumbini juu ya nyumba ipi ilikuwa ya Bi Salama. Wacha niende nikaamue.

Lala pema, na unisalimie Bibi Rukia. Mwambie jina lake nililiandika vizuri.

Ni mimi mwanao wa kwanza, uliyenipandisha chomboni mgongoni mwa Mama, na niliyekuongopea mara moja tu.